Hasira ya morani ni ya kusubirishwa

Wanafunzi wangu wa anthropolojia wakipewa mada ya morani wa Kimaasai, karibu wote huanza na simba. Mimi huwaambia waanze na maziwa.

Kwa desturi, morani hanywi maziwa peke yake. Anaweza kufika bomani kwa mama yake jua la utosi, ametembea tangu alfajiri, tumbo linamnguruma na kibuyu anakiona kwa macho yake. Lazima amtafute mwenzake wa rika moja wa kunywa naye, na asipompata atajilaza na njaa yake. Nyama nayo haili ile iliyoonwa na wanawake walioolewa; ndiyo maana wamorani huchinja na kula porini, kwenye kambi wanazoziita olpul. Kwa hiyo una kijana wa miaka ishirini na kitu, mwili umejengeka, sime kiunoni, kijiji kizima kinamsifia ushujaa, na hana ruhusa ya kujimiminia kikombe cha maziwa. Anza hapo, simba atakuja baadaye.

Nimefanya kazi na jamii za Longido na Monduli kwa muda mrefu, na ninaloliamini ni hili: hasira ya morani haitokani na vita. Inatokana na kusubirishwa.

Inaanzia kwenye tohara. Layoni, yaani mvulana ambaye bado hajatahiriwa, hutolewa nje kabla ya mapambazuko na kumwagiwa maji yaliyolala nje yakiwa na shoka ndani yake, ili yazidi kuwa ya baridi. Kaka zake na waliomtangulia humzunguka na kumtukana. Utapiga kisu teke, wewe. Utatuaibisha. Tunakujua tangu utotoni, mwoga. Kisha anakaa juu ya ngozi ya ng'ombe na hatakiwi kupepesa hata jicho. Akistuka, aibu inawaangukia baba yake, mama yake na ndugu zake, na yeye ataisikia mpaka uzeeni. Wataalamu wa saikolojia wanaweza kulichambua hilo wapendavyo. Mimi naona somo moja tu ambalo kijana analibeba kutoka pale: kinachouma hakionekani usoni.

(Wale vijana waliovaa nguo nyeusi na kuchorwa nyuso kwa chokaa nyeupe, ambao watalii huwapiga picha kando ya barabara ya kutoka Arusha kwenda Ngorongoro, wengi huwaita morani. Bado. Wako kwenye kipindi cha kupona baada ya tohara.)

Akishakuwa morani, anafuga nywele, anazipaka mafuta na udongo mwekundu, na sifa zinaanza kummiminikia. Ila ukitazama kwa jicho la mhasibu, hana kitu. Ng'ombe ni wa baba. Kuoa hawezi mpaka rika lake lipite kwenye sherehe ya eunoto, na tarehe ya eunoto haipangwi na yeye. Zamani kipindi hicho kiliweza kumla miaka kumi au zaidi. Wakati huohuo wazee wanaoa mke wa pili, wa tatu, wa nne, na hesabu hiyo inawezekana kwa sababu moja tu: vijana wamezuiwa wasioe. Paul Spencer, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi na Wasamburu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na baadaye akawaandika Wamaasai pia, ndiye aliyeliweka jambo hili wazi kuliko wote. Umorani, kwa maelezo yake, ni ujana ulionyooshwa kwa makusudi, na faida yake inakwenda kwa wazee.

Sasa mfikirie msichana aliyekuwa akicheza na kuimba na morani huyo usiku, aliyemshonea shanga. Akishatahiriwa, anaozwa, na mara nyingi mume ni mzee. Huyo morani hagombani na mtu. Yule mzee ni wa kuheshimiwa. Akikutana naye njiani atamsalimia kwa adabu zote. Huu ni moto wa pumba, juu unaona majivu tu. Na msichana mwenyewe, ambaye hakuulizwa lolote, hasira yake haikutengenezewa hata sherehe moja. Hilo nalitaja kwa sababu maandishi mengi kuhusu morani, yangu ya mwanzo yakiwemo, humpita kama vile hayupo.

Basi moto huo hutokea wapi? Kwenye mtetemeko.

Aliyewahi kuona morani akitetemeka hasahau. Nilimwona mmoja Longido baada ya mzee kusema mbele za watu kwamba vijana wa boma lile wamepoteza mbuzi kama watoto. Neno lenyewe dogo tu. Kijana hakujibu. Alisimama akitazama chini, pumzi ikaanza kukatika, sauti ya koo ikamtoka, si ya kulia wala ya kusema. Kidevu kikasukumwa mbele, shingo ikakakamaa, miguu ikawa kama miti. Wenzake wawili walikuwa wameshamshika mikono kabla mimi sijaelewa kinachoendelea, na wa tatu alimvua sime taratibu, bila haraka, kama mtu aliyeifanya kazi hiyo mara nyingi. Povu lilimtoka mdomoni. Hakuna aliyemwambia ajikaze. Hakuna aliyecheka. Alipolegea, walimkalisha chini ya mti na kumfunika kichwa kwa shuka lake, wakarudi kwenye mazungumzo yao.

Watalii hudhani ni sehemu ya ngoma. Daktari mgeni atafikiria kifafa. Wazee wenyewe hawautazami mtetemeko kama ugonjwa, na wengine watakuambia kijana asiyetetemeka kamwe ndiye wa kutiliwa shaka. Hutokea kwenye ngoma, hutokea kwenye olpul baada ya siku kadhaa za nyama na supu ya mizizi na magome, hasa ya mgunga wanaouita olkiloriti, ambayo husemwa kwamba humtia mtu ukali na kumwondolea woga. Kwangu mimi ufundi wake uko kwenye ile mikono ya wenzake wanaomshika. Kijana aliyefundishwa kutoonyesha maumivu hata kwa kupepesa amepewa njia moja ya kuyatoa yote, kwa sharti kwamba wenzake wawepo. Ile sheria ya kutokunywa maziwa peke yako sasa inaanza kueleweka. Mtu asiyeruhusiwa kula peke yake hawezi pia kukasirika peke yake.

Kisa cha mwaka 1946 huko Narok, Kenya, kinaonyesha upande wa pili. Baada ya vita, serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwalazimisha Wamaasai kuuza mifugo. Katika zoezi moja, maksai mpendwa wa morani mmoja, Karambu ole Sendeu, alichukuliwa. Kijana aliomba arudishiwe. Mkuu wa wilaya, Meja Hugh Grant, alikataa, na Karambu akamrushia mkuki, akamuua. Alihukumiwa kunyongwa, akanyongwa. Kwa afisa yule, maksai alikuwa kichwa kimoja katika idadi aliyotakiwa kuitimiza. Kwa morani asiye na kundi wala mke, maksai anayempenda, anayemwimbia na kumfunga kengele, huenda ndicho kitu pekee duniani kinachokaribia kuwa chake. Simtetei muuaji. Nasema tu kwamba hasira ile haikuzaliwa asubuhi ile, na aliyeichokoza hakujua anagusa nini.

Wamaasai wenyewe hawakuuacha moto huo bila walinzi. Kila rika la morani lina wazee wake, olpiron, waliowawashia moto kwa kupekecha vijiti wakati rika lao lilipofunguliwa. Hawa si baba zao. Ni wa rika lililowatangulia kwa hatua mbili, na laana yao inaogopwa kuliko fimbo. Kazi yao ni kuwakalisha vijana na kuwasema. Wanawasema kwa saa nzima, saa mbili, mzee mmoja akichoka anasimama mwingine na rungu lake, na neno linalorudi ni enkanyit, heshima. Nimekaa kwenye vikao hivyo. Vinachosha kweli. Lakini angalia mpangilio: wanaofaidika na kusubiri kwa vijana ni wazee, na wanaowatuliza vijana ni wazee hao hao. Ni werevu mkubwa, na sidhani tunapaswa kuusifu bila kuuliza nani analipa.

Deni hilo linahesabiwa hadharani kwenye eunoto. Hapo hujengwa nyumba kubwa ya ibada, osingira, na kwa desturi morani aliyelala na mwanamke aliyetahiriwa, maana yake wake za wazee, haruhusiwi kuingia. Anabaki nje, kila mtu anamwona. Uasi uliofanywa gizani miaka yote unajulikana siku moja, kwa kuangalia tu nani yuko ndani na nani yuko nje. Mama za waliobaki nje huumia mno.

Kisha nywele. Mama anamkalisha mwanawe juu ya ngozi, anamlowanisha kichwa kwa maji yaliyochanganywa na maziwa, anamnyoa. Zile nywele za miaka, nyekundu kwa udongo, zinaanguka mapajani. Wanaume waliovumilia kisu bila kupepesa hapa hulia waziwazi. Wengine hutetemeka hata wakahitaji kushikwa, na silaha huwa zimeshawekwa mbali. Walichokuwa wakikingoja kimefika, wanaweza kuoa, na ndicho hicho hicho kinachowaliza. Mwaka 2018, UNESCO iliiingiza eunoto, pamoja na enkipaata inayoitangulia na olng'esherr inayomfanya mtu kuwa mzee kamili, kwenye orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa haraka, kwa maombi ya Kenya.

Uharaka huo ni wa kweli. Shule haingoji nywele zikue, ukame unamaliza ng'ombe, na morani wengi leo wako Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa wakilinda mageti usiku na kusuka watu nywele mchana. Simba naye amepata mbadala: tangu 2007 kule Amboseli mradi wa Lion Guardians unawaajiri wamorani kuwafuatilia na kuwalinda simba badala ya kuwaua, na tangu 2012 kuna Olimpiki za Kimaasai, ambako vijana hushindana kukimbia, kuruka na kurusha mkuki na rungu. Mambo mazuri yote mawili. Ila nikiulizwa kama yanatosha, nasema yamejibu swali la simba. Mlinzi wa miaka ishirini na mbili aliyetukanwa na tajiri wake getini saa nane usiku hana mtu wa kumshika mikono, na mzee wa olpiron yuko mbali, kwenye simu, chaji imebaki kidogo. Wengi wanaoniambia wameanza kunywa pombe walianza wakiwa kwenye lindo la peke yao.

Mwaka jana nilizungumza na mzee mmoja wa Monduli ambaye sasa ni olpiron. Wenzake wa rika walishaniambia, huku wakicheka, kwamba enzi zake hakuna aliyetetemeka kumshinda, na kwamba msichana wake aliozwa kwa mzee mwenye wake watatu. Yeye ana wake wanne. Nilimuuliza anawaonaje vijana aliowawashia moto. Alivuta ugoro, akaangalia ng'ombe wake wakiingia bomani, akasema tatizo la vijana wa siku hizi ni kwamba wana haraka ya kuoa.