Michezo jumuishi: kujumuishwa hasa ni kupi?

Mechi inaelekea ukingoni. Kocha anamwinua benchi kijana mwenye Down sindromu, hali ya kuzaliwa nayo inayogusa ukuaji na kujifunza, mwamuzi anatoa penalti ambayo hakuna aliyeiona, kipa anajitupa upande mwingine makusudi, nyavu zinatikisika. Watu wanashangilia, simu zinarekodi. Wiki inayofuata kijana yuleyule yuko mazoezini na hakuna anayempa pasi. Wengi huita hilo ujumuishi. Kwangu ni maigizo, na mara nyingi kijana mwenyewe anajua fika kwamba kipa kaachia.

Ulemavu wa ukuaji ni ule unaoanza mapema maishani na kugusa namna mtu anavyojifunza, anavyowasiliana au anavyotembea: usonji, Down sindromu, mtindio wa ubongo na mwingineo. Mtu wa namna hiyo amejumuishwa pale anapokuwa mchezaji kamili wa timu ya mtaani kwao. Anafanya mazoezi na wenzake, ana namba yake uwanjani, timu inamtegemea kwa kazi fulani, na akikosea anarekebishwa kama wengine.

Dhana hii huchanganywa na jirani zake. Special Olympics, ambayo Eunice Kennedy Shriver aliianzisha kwa mashindano ya Chicago mwaka 1968, huwakutanisha wachezaji wenye ulemavu wa akili na kuwapanga kwa uwezo ili ushindani uwe wa haki. Hayo ni mashindano ya kwao, na yana thamani yake. Baadaye shirika hilohilo lilileta Unified Sports: timu moja, wenye ulemavu wa akili na wasio nao. Huko asiye na ulemavu akiumiliki mpira peke yake, huhesabiwa kuwa ameharibu mchezo, hata kama amefunga mabao matano. Nao Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 30, unataka milango yote miwili iwe wazi, michezo ya wote na michezo ya kwao. Kuchagua ni juu ya mchezaji.

Kumwingiza mtu kikosini bila kubadili chochote hakutoshi. Atasimama uwanjani kama kigingi.

Kinachohitaji kubadilika zaidi, kwa maoni yangu, ni mdomo wa kocha. “Rudi, ziba kushoto, mwangalie namba saba, ukiupata toa haraka!” Maagizo manne kwa pumzi moja, hata beki mzoefu hushika mawili. Kocha anayeijua kazi yake hutoa agizo moja, huonyesha kwa mwili wake, kisha hunyamaza na kungoja. Kungoja huko ndiko kugumu. Filimbi ikimfanya mchezaji mwenye usonji azibe masikio, mwamuzi hutumia kibendera. Jambo la kiafya nalo lipo: baadhi ya wenye Down sindromu wana pingili za juu za shingo zisizo imara, hivyo daktari huulizwa kabla ya sarakasi au kupiga mbizi.

Ukitaka kupima, hesabu pasi anazopewa wakati hakuna anayerekodi. Kisha tazama siku anapocheza vibaya: kocha anamtoa dakika ya 30, naye anavua jezi kwa hasira, anaketi mwisho wa benchi na kununa, hataki kuongea na mtu. Hapo amejumuishwa: katolewa na kununa kama mchezaji mwingine yeyote.