Tarehe 5 Juni hakuachiwa mtu huru

Kila ikifika tarehe 5 Juni, kwenye kundi letu la WhatsApp hatokosekani mtu wa kubandika picha ya kanisa la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, na maneno yale yale: siku kama ya leo, 1873, utumwa ulikomeshwa Zanzibar. Safari hii alikuwa mwalimu wa historia. Jamani! Hilo kanisa lenyewe siku hiyo halikuwapo. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka ule.

Alichotia saini siku hiyo Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, huku Kirk, balozi wa Uingereza, akimtishia kuzingirwa kwa manowari, kilihusu biashara. Watumwa wasipitishwe baharini, masoko ya kuwauza hadharani yafungwe, basi. Aliyelala mtumwa tarehe 4 aliamka mtumwa tarehe 6. Magendo nayo yakaendelea, khasa kwendea Pemba, maana kimbunga cha 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, bei ikapanda, na Pemba ikataka mikono ya kuchuma. Kapteni Brownrigg wa jeshi la majini la Uingereza aliuawa huko Pemba mwaka 1881, alipolisogelea jahazi la watumwa lenye bendera ya Ufaransa.

Mkitaka tarehe, shikeni 6 Aprili 1897, amri ya Seyyid Hamoud, sultani wa wakati huo. Na hiyo pia taratibu! Haikusema "nyote huru". Ilisema korti hazitatambua tena haki ya bwana juu ya mtumwa. Kwa hiyo uhuru ulikuwa ukaudai mwenyewe. Mchuma karafuu wa Pemba aache kibanda chake na matuta yake ya muhogo, vyote viko kwenye ardhi ya bwana, aende kortini. Bwana ana njia ya kudai fidia. Mtumwa hupewa cheti, tena aonyeshe ana pa kukaa na cha kumlisha, la sivyo ahesabiwe mzururaji.

Masuria ndio kabisa. Ati wao ni mfano wa wake, hawadai kitu mpaka wathibitishe ukatili. Wakangoja hadi 1909.

Hapa nami nina deni. Wengi hawakwenda kortini, na niliwahi kuandika kwamba walibaki "kwa hiari". Leo neno hilo linanikereketa kooni. Karani aliandika jina la aliyekwenda. Aliyebaki hana hata mstari mmoja daftarini. Hiari yake niliiona wapi?

Yote haya nimemwandikia mwalimu. Kanijibu kwa kidole gumba, na picha ya kanisa iko pale pale.