Protekta ya mati haikati jua

Mteja huomba: "Nibandikie kwenye simu protekta ya mati, ile isiyong'aa, inakata jua." Haikati chochote. Kioo cha kawaida kinapokutana na hewa hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga unaokigonga, na uso wa mati umekwaruzwa makusudi ili mwanga huohuo utawanyike. Taa ya dari haijichori tena kwenye skrini, ila ukungu mweupe unatanda skrini nzima. Ofisini inavumilika. Juani weusi unageuka kijivu, na herufi ndogo zinametameta kama zimemwagiwa chumvi, kwa kuwa mikwaruzo hiyo inapinda pia mwanga unaotoka kwenye pikseli.

Kinachopunguza kweli mwanga unaorudi ni tabaka la AR, yaani la kuzuia mwakisi. Magnesi floridi yenye unene wa nanomita 100 hivi hushusha ile 4 hadi chini ya 1.5, maana mwanga unaorudi juu ya tabaka na ule unaorudi chini yake hufutana. Kabla ya kulipa, ilaze protekta chini ya taa nyeupe: AR ya kweli huacha kivuli cha zambarau au kijani. Kama taa inaonekana nyeupe vilevile, umeuziwa maandishi ya boksi.

Halafu angalia gundi, jambo ambalo wateja hawaulizi kabisa. Protekta yenye gundi pembeni tu inafungia hewa katikati, na hewa hiyo inaongeza nyuso mbili za kurudisha mwanga: 4 inakuwa karibu 12. Anga angavu la niti 5,000 (niti ni kipimo cha mwangaza) litarudi machoni pako kama niti 600, wakati skrini yenyewe inatoa 500. Utasoma nini hapo? Dai yenye gundi uso mzima. Ukibadilishiwa kioo cha juu pia, fundi akigandishe kwa OCA (gundi angavu ya uso mzima), asikibandike kingo tu.

"Naongeza mwangaza hadi mwisho." Inasaidia mpaka simu ipate joto, kisha inajipunguza yenyewe. Kuinamisha skrini iakisi shati jeusi hakuli chaji.

Mandhari nyeusi ya simu (dark mode) nje ni kujitesa. Mwakisi huonekana zaidi juu ya weusi. Weka nyeupe.

Dawa ya meno haing'arishi kioo, inakwangua tabaka lake. Dawa ya madirisha yenye amonia nayo huharibu AR. Kitambaa laini na maji kidogo vinatosha.

Na skrini inayozimika ukivaa miwani ya jua ya polaraizi (inayopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu) haijafa. Izungushe nyuzi 90.