Je, wajua kwa nini Biblia inasema Musa alisema na Mungu uso kwa uso, kisha inasema hakuna amwonaye akaishi?

Fungua Kutoka sura ya 33. Mstari wa 11 unasema BWANA alisema na Musa uso kwa uso, kama mtu asemavyo na rafiki yake. Shuka mistari tisa tu, hadi wa 20: "Huwezi kuniona uso wangu, maana mwanadamu hataniona akaishi." Sura ni hiyo hiyo na Musa ni yule yule.

Swali hili lilinikuta Tabora, Jumapili baada ya ibada, tumekaa chini ya mwembe tukisubiri chai. Kijana wa kidato cha nne alimtupia mzee wa kanisa: "Sasa mzee, alimwona au hakumwona?" Mzee akacheka. "Hilo, mwanangu, labda tukamwone mchungaji."

Bila kujua, alikuwa ameshaligusa jibu. Mtu akikuambia, "Nimeshinda hospitali, daktari sikumwona," hana maana kwamba macho yake hayakumfikia. Huenda daktari alipita mbele yake mara tatu na koti lake jeupe. Anachosema ni kwamba hakupata nafasi ya kukaa naye.

Kiebrania nacho kina tabia hiyo. Neno lake la uso, panim, hubeba pia maana ya kuwapo kwa mtu, kuwa mbele yake. Ile mikate ya Wonyesho ya hemani, kwa Kiebrania ni mikate ya uso, yaani iliyowekwa mbele za Mungu. Na katika 2 Samweli 14, Absalomu anarudishwa Yerusalemu baada ya kumuua ndugu yake Amnoni, lakini anakaa mjini miaka miwili bila kuuona uso wa mfalme, Daudi baba yake. Na wote wawili wamo mji mmoja! Hapo kinachokosekana ni ruhusa. Wanyamwezi wangeelewa upesi: kujenga karibu na ikulu ya mtemi hakukukufanya mtu wa barazani.

Ushahidi ninaouona mzito kuliko yote uko Kumbukumbu la Torati. Sura ya 5, mstari wa 4, Musa anawaambia Waisraeli kwamba BWANA alisema nao uso kwa uso mlimani, kutoka kati ya moto. Wao, taifa zima. Lakini katika sura ya 4, mstari wa 12, kuhusu siku hiyo hiyo, amekwisha kuwaambia kwamba walisikia sauti, umbo hawakuliona. Basi katika kitabu hicho "uso kwa uso" ni namna ya kusema: ana kwa ana, bila kupitia ndoto wala fumbo. Hesabu 12:8 inasema jambo hilo hilo kwa "mdomo kwa mdomo".

Wako wasomi wanaosema Kutoka 33 imeshonwa kutokana na masimulizi zaidi ya moja. Inawezekana kabisa. Lakini mshonaji naye alikuwa na macho, na vipande hivyo aliviweka karibu karibu bila wasiwasi.

Panaponisumbua mimi ni Kutoka 24. Musa, Haruni, Nadabu, Abihu na wazee 70 wanapanda mlimani, na maandiko yanasema waziwazi wakamwona Mungu wa Israeli, wakala na kunywa. Watafsiri wa kale waliona ugumu huo. Septuaginta, tafsiri ya Kigiriki, inasema waliona mahali aliposimama Mungu. Targumi, tafsiri ya Kiaramu ya Wayahudi, inasema waliona utukufu wake. Mimi naona jibu la kulainisha maneno ni la woga. Afadhali uangalie wazee hao walisimulia nini: chini ya miguu yake palikuwa na kama sakafu ya yakuti samawi. Basi. Watu zaidi ya 70, na habari waliyotuletea ni ya sakafu! Isaya naye, sura ya 6, anasema amemwona Bwana, na anachokieleza ni kiti cha enzi, maserafi, moshi, na pindo za vazi zilizojaza hekalu.

Yohana 1:18 inaposema hakuna mtu aliyemwona Mungu wakati wowote, inaongeza papo hapo kwamba Mwana ndiye aliyemfunua. Justin Martyr, mwalimu wa Kikristo wa karne ya 2, naye alifundisha kwamba aliyewatokea mababu alikuwa Mwana, si Baba. Wakristo wengi wanapita njia hiyo. Wayahudi, bila shaka, hawaipiti.

Kijana hakuridhika. Akauliza habari za Yakobo katika Mwanzo 32, aliyepaita mahali Penieli, uso wa Mungu, kwa kuwa amemwona uso kwa uso akapona. Mzee akamwambia asome tena: walishindana mweleka usiku, na aliyeshindana naye akaomba aachiwe kwa maana kunapambazuka. Uso gani huo, gizani? Kisha sura inayofuata, Yakobo anakutana na Esau, ndugu aliyemkimbia miaka mingi akiogopa kuuawa, anapokewa kwa kukumbatiwa, naye anamwambia kwamba kuuona uso wake ni kama kuuona uso wa Mungu.

"Na Esau alikuwa na nywele mwili mzima," kijana akasema, akapokea kikombe chake.