Chumvi ya maji haiondoki kwa kuchemsha

“Kisima kimekolea chumvi? Chemsha maji.” Ushauri huu husikika sana Lamu. Kuchemsha huua vijidudu, chumvi hubaki pale pale. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Tia lita 10 sufuriani, chemsha hadi zibaki 5, na kila lita itakuwa na gramu 70. Maji matamu ni yale yaliyopanda na mvuke, basi udake mvuke wenyewe. Weka bakuli juu ya jiwe katikati ya sufuria, lipite kimo cha maji, kisha pindua mfuniko kishikio kielekee bakulini, na juu yake tandika kitambaa kilicholowa. Moto uwe mdogo, kwani yakitokota kwa nguvu maji ya chumvi hurukia bakulini na kazi yote huharibika.

Kuni nazo haziishii kwenye kuyafikisha maji mchemko, kama wengi wanavyodhani. Lita moja kutoka nyuzi 30 hadi 100 yataka kilojuli 293 hivi. Kuigeuza mvuke yataka 2,257.

Dhana iliyozama zaidi ni kwamba mchanga huchuja chumvi, na ushahidi ati ni maji matamu ya vilima vya mchanga vya Shela, kisiwani Lamu. La. Mchanga huzuia tope. Chumvi iliyoyeyuka hupita pamoja na maji. Maji ya Shela ni mvua iliyonywea mchangani, nayo huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa hesabu, mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari huwa na mita 40 hivi chini ya usawa huo. Pampu ikiyashusha mita 1 na hali ikadumu, chumvi hupanda kiasi cha mita 40. Kukichimba kisima zaidi hapo ni kuifuata bahari. Vilima vile vilindwe kweli kweli.

Na mashine ya utando, ile inayosukuma maji yapite kwenye ngozi nyembamba izuiayo chumvi? “Ongeza nguvu ya pampu, maji yote yatapita.” Maji ya bahari hupinga kupita kwa baa 27 hivi (baa ni kipimo cha shinikizo, moja ni karibu sawa na shinikizo la hewa ya kawaida); nusu ikishapita, yaliyobaki yamekolea maradufu, na upinzani nao umefika maradufu au kuzidi. Ndiyo sababu mitambo mingi hukomea nusu au chini yake, ikisukuma kwa baa 55 hadi 70. Kisima chenye gramu 3 kwa lita hakihitaji mashine kama hiyo, kwani upinzani wake haufiki baa 3. Klorini ya tangini iondolewe kabla: hula utando wa poliamaidi, aina ya plastiki, na mashine haitasimama, ila maji yatatoka na chumvi yake.