Kwa Nini Pakiti ya ORS Ina Sukari

Wazazi huniuliza mara kwa mara: mtoto anaharisha, mbona mnampa ORS, yaani unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji ya kunywa? Wana haki ya kuuliza, na jibu limo kwenye utando wa seli.

Tia punje ya chumvi kwenye mafuta ya kupikia, ukoroge. Itazama chini vilevile ilivyo. Utando unaozunguka kila seli ya mwili ni tabaka mbili za mafuta, zenye unene wa takriban nanomita 7 hadi 8 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Oksijeni na kabonidioksidi hupenya humo bila taabu. Sodiamu ya kwenye chumvi hukwama, na glukosi, ile sukari ya kwenye pakiti, pia. Hizo lazima zivushwe na protini zilizochomekwa kwenye utando, na kila protini huchagua inachokivusha.

Utumbo mdogo una protini iitwayo SGLT1, na hii napenda sana kuieleza. Hushika chembe mbili za sodiamu na moja ya glukosi, hujigeuza umbo, kisha huziachia zote ndani ya seli. Maji hufuata. Chumvi bila sukari hapo haivuki.

Sumu ya kipindupindu hufanya vijia vya kloraidi, sehemu nyingine ya chumvi, kwenye utando vibaki wazi. Kloraidi humwagika utumboni, sodiamu na maji vikaifuata, na mgonjwa mahututi anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Lakini SGLT1 haiguswi, inaendelea na kazi. Mwaka 1971, dripu zilipoisha katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bongaon, India, Dkt. Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa maji ya chumvi na glukosi. Vifo vilivyokuwa kama asilimia 30 vikashuka chini ya asilimia 4.

Kipimo ndicho kinachonitia wasiwasi. Pakiti ya lita moja ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida. Sukari ikizidi, inayobaki utumboni huvuta maji kutoka mwilini na mtoto huzidi kuharisha. Ndiyo maana soda haifai. Kwa hiyo mimina pakiti yote kwenye maji safi ya kiasi kilichoandikwa, usikisie kwa jicho. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kumnywesha kijiko kimoja kimoja. Akilegea, macho yakididimia au akishindwa kunywa, mkimbize kituo cha afya, maana hapo anahitaji dripu.