Manusura wa usafirishaji haramu anahitaji wakili wake mwenyewe

Mtu anapookolewa mikononi mwa wasafirishaji haramu wa binadamu, wa kwanza kukutana nao mara nyingi ni polisi na maofisa uhamiaji. Wanataka maelezo. Yeye pasi yake ilichukuliwa na mwajiri, viza imekwisha muda, na huenda alilazimishwa kufanya jambo lililokatazwa na sheria. Asipopata wa kumwongoza, maelezo ambayo yangemtia hatiani msafirishaji yanaweza kumtia hatiani yeye.

Wengi hutuuliza: si yupo mwendesha mashtaka? Yupo, lakini anaiwakilisha dola. Kudai mshahara wa miezi minane usiolipwa si kazi yake, wala kuomba kibali cha ukaazi au kuzuia manusura asirudishwe kule alikouzwa. Hiyo ni kazi ya wakili wa manusura, na kwa mtu asiye na hata nauli, wakili huyo hana budi kuwa wa bure.

Jambo la kwanza wakili huyo analopigania ni mteja wake kutambuliwa rasmi kuwa mhanga. Itifaki ya Palermo, makubaliano ya nchi dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2000, inaangalia mambo matatu. Kitendo, kama kumwandikisha au kumsafirisha mtu. Njia, kama vitisho au ulaghai. Na lengo, yaani kumnyonya. Manusura wengi hujihukumu wenyewe kwa kauli moja: "Nilikubali kwenda." Tafadhali sikiliza vizuri hapa. Ridhaa iliyopatikana kwa ulaghai au vitisho haina uzito wowote katika itifaki hiyo. Na kwa aliye chini ya miaka 18, hata ile njia haihitaji kuthibitishwa.

Utambuzi huo ukichelewa, madhara yake ni makubwa. Februari 2021 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua shauri la vijana wawili wa Vietnam waliokutwa Uingereza wakitunza mashamba ya bangi walipokuwa bado watoto. Walishtakiwa, wakakiri kosa, wakatiwa hatiani. Mahakama ilisema Uingereza ilikiuka haki zao, kwa kuwa dalili za kusafirishwa zilikuwapo, na kukiri bila kuchunguzwa hilo hakukuwaondolea ulinzi. Kwangu mimi, shauri hili linaonyesha kwamba hatoshi wakili yeyote tu; anatakiwa anayezijua dalili hizo na kuuliza kabla mteja hajakiri chochote. Leo hoja hiyo inawahusu pia watu wanaofungiwa ndani na kulazimishwa kutapeli wengine mtandaoni.

Kuhusu fidia, Itifaki ya mwaka 2014 ya Mkataba wa Kazi za Kulazimishwa wa Shirika la Kazi Duniani inazitaka nchi zilizoiridhia zihakikishe wahanga wote wanaweza kuidai, wawe na vibali au wasiwe navyo, wawe bado nchini humo au wameshaondoka. Kwa hiyo usifute ujumbe wa simu uliotumiwa na wakala. Tunza risiti, picha za mahali ulipolala, na kumbukumbu ya saa ulizofanya kazi, hata kama umeiandika kwenye kipande cha karatasi.

Msaada wa bure hutolewa na ofisi za serikali za msaada wa kisheria, vyama vya mawakili, vituo vya msaada wa kisheria vya vyuo vikuu, mashirika ya wafanyakazi na ya wanawake, na nyumba salama. Ukiwa ugenini, ubalozi wako unaweza kukuelekeza. Mkatae wakili anayelipwa na mwajiri au wakala wako, hata akija na maneno matamu. Mkalimani naye asiwe mtu wa kundi lililokuleta. Na kabla ya kutia saini maelezo yoyote, omba usomewe yote kwa lugha unayoielewa, wakili wako akiwa amekaa kando yako.